Bidon Iliyojifunza Kuuliza

Dzaleka, mwezi wa kumi, alasiri ya joto

Kwako yaya Orpa, dada yangu mkubwa, malkia wa cherehani kule Nathenje,

Pokea salamu zangu, na uzipokee kwa mikono miwili kwa sababu ni nyingi kuliko vumbi la huku mwezi huu, na vumbi lenyewe unalijua. Hujambo? Kile kidole ulichojichoma na sindano kimepona, ama bado unakifunga kitambaa kama kimefiwa? Tantine Madeleine, mwenyeji wako, anaendeleaje na kifua chake? Mwambie asiache kunywa tangawizi, na mwambie pia kwamba yule kuku aliyeniahidia bado namkumbuka kwa jina. Sisi huku kambini Mungu anatushika. Mama mgongo unamuuma asubuhi, mchana unamwachia, jioni anaimba kwaya kama mgongo haukuwahi kuwa wake. Mimi mwenyewe ni mzima, nimerefuka, na sura imezidi kuwa nzuri. Bantu ba hapa bamezoea, lakini wewe ukiniona utashtuka.

Najua unajiuliza kwa nini karatasi, wakati simu iko. Yaya, kwa simu ungenikata kabla sijafika katikati, nakujua. Karatasi haina pa kukatia. Na huyu Zénon muuza nyanya anayekuletea, nimemwambia asimame hapo mlangoni mpaka umalize kusoma. Mpe maji anywe.

Habari njo hii: mdogo wako Divin ametengeneza roboti.

Sawa, cheka. Halafu rudi.

Tuko batatu. Iko Aline, yule binti wa katekista aliyekuwa darasa moja nyuma yako. Iko Audace, Mrundi anayetengeneza simu karibu na soko, yule ambaye ukimwambia habari ya asubuhi anakujibu jioni. Na iko mimi, kichwa cha ekipi. Wao banasema kichwa ni Aline. Baache baseme.

Mambo yalianza pale Mwalimu Ezechiel, wa darasa la komputa, aliposema kwamba chuo kimoja cha Lilongwe kinatafuta ekipi za banafunzi. Kila ekipi ilete proje ya roboti inayotembea, iieleze mbele ya bakubwa, na ekipi itakayokubaliwa itapata nafasi tatu za miezi sita: karakana yenye vyombo, kitanda cha kulala, na asubuhi masomo, mpaka kumaliza Form Four. Yaya, nilivyosikia karakana, masikio yangu yalisimama kama ya sungura. Nilijiona nimevaa koti jeupe, kalamu mfukoni, natembea bila kuangalia chini. Tangu siku ile nilianza kujibu kwa jina la injinia tu. Mama aliniita Divin mara nyingi, sikugeuka, mpaka akarusha kandambili.

Lakini wazo hatukuwa nalo. Aline alitaka roboti ya kufagia kliniki. Audace alitaka ya kubeba mizigo sokoni, alisema hivyo halafu akanyamaza wiki nzima. Mimi nilikuwa kwenye mulongo wa maji, napanga foleni. Tangu umeondoka, mulongo ni wangu, na sitaki uanze kunihurumia, nauendesha vizuri kuliko wewe. Siku hiyo pampu ya mjigo ilikuwa inatoa maji kwa kinyongo, bidon tupu za maji zimepangwa mpaka nyumba ya mchungaji, jua limekaa juu ya kichwa. Nililaza shavu juu ya bidon yetu. Sikulala, weka hilo akilini. Niliota macho wazi.

Niliona bidon zote zimesimama zenyewe. Za njano, za bluu, ile nyeupe ya mama Fortunée yenye kamba nyekundu. Zinatembea polepole kwenda kwenye mjigo, hazisukumani, zinapeana nafasi, na hakuna mtu nyuma yao. Bamama bako nyumbani, moshi unatoka, nsima inaiva. Batoto bako shuleni, nasikia sauti zao zikiimba hesabu mbali kabisa. Na katikati ya zile bidon nikaona ile yetu ya kizibo cha kijani, inaenda taratibu kama mtu anayetembea na mawazo yake. Na wewe, yaya, hukuwa nyuma yake. Nilikutafuta kwenye ile ndoto, sikukuona, na sikuogopa. Nilijua uko mahali pazuri.

Halafu mtu nyuma yangu akapiga kelele eti nisogee, mimi ni ng'ombe ama ni mlango? Nikasogea. Lakini wazo lilikuwa limeshaingia.

Aline alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka, halafu akaomba kalamu. Mwalimu Ezechiel alituambia roboti haianzi na waya, inaanza na maneno. Mtu wa Lilongwe hajawahi kulalia bidon, kwa hiyo lazima tumweleze taabu yenyewe ni ipi, roboti itafanya nini na nini haitafanya, vyombo gani vinatakiwa, nani atashika kazi gani, na kitu gani kinaweza kuharibika. Aline aliandika kwa Kiingereza chake kilichopigwa pasi. Audace alichora. Mimi nilipewa ile sehemu ya mambo yanayoweza kuharibika, nikaandika neno moja: hakuna. Mwalimu aliliangalia lile neno muda mrefu, akaniuliza kama hata mvua haiwezi kunyesha. Nilimjibu kwamba ikinyesha, si maji yamepatikana? Alitoka nje kwenda kupumua.

Sasa sikia ilivyo, umweleze Tantine. Ni ubao wa kitanda cha zamani juu ya magurudumu ya kigari cha mtoto. Mota mbili ni zile za kupangusia vioo vya gari, Audace aliziombea kwa fundi mmoja wa Lumbadzi. Betri ni ya pikipiki. Bidon inakaa juu, imefungwa kwa mpira. Mbele iko na macho mawili ya chuma, ila hayaoni, yanasikia: yanapiga mlio ambao sikio letu halipati, mlio unagonga bidon ya mbele na kurudi, na roboti inajua kama iko mbali ama karibu. Kama popo. Nafasi ikifunguka, inaenda. Nafasi ikijifunga, inasimama. Tuliiita Sogea, maana njo neno la kwanza mtoto wa hapa analisikia akiwa bado mgongoni kwa mama yake. Na bidon ya kwanza kupanda juu yake ilikuwa yetu, ile ya kizibo cha kijani. Nilikataa nyingine yoyote.

Tulienda kuijaribu kwenye mjigo Jumamosi. Na hapa, yaya, njo tuliharibu.

Juma lile mzee Nahayo, yule wa kutengeneza viti vya kanisa, alikuwa ametutoka. Mungu amlaze pema. Na unajua desturi ya bamama ba mtaa wetu: mfiwa hapangi mulongo. Banamwachia nafasi karibu kabisa na mjigo, upana wa bidon moja. Hapawekwi jiwe, hapawekwi kitambaa. Hewa tu. Mfiwa anakuja saa anayotaka, anaweka yake, anajaza, anaenda, wala hasumbuliwi kwa maneno mengi. Sisi batatu tumekulia hapa, tunaijua hiyo kama jina letu. Labda kwa sababu hiyo hatukumwambia Sogea. Kitu ambacho kila mtu anakijua, nani anakumbuka kukisema?

Sogea ilienda vizuri sana. Batoto balipiga makofi, mimi nilianza kupungia mkono kama mheshimiwa. Ikapanda na mulongo, ikapanda, ikafika karibu na mjigo, ikaiona ile hewa. Ikaingia. Ikakaa pale pa mfiwa, imetulia, na taa yake ndogo ikawaka kama inasema asante. Wakati huo mama Gloriose, mjane wa mzee Nahayo, alikuwa anakuja na bidon yake, kitambaa cheusi kichwani.

Aliyekuwa anapiga pampu aliiachia.

Halafu mama Fortunée, unajuaka mdomo wake, aliuliza kwa sauti kama siku hizi tumeleta chuma kuja kufukuza bajane. Mwingine akasema hata mbuzi ba Dzaleka banajua kupisha. Mwingine akauliza hii ni ya nani, akaambiwa ni ya yule mrefu anayejiita injinia, akasema anhaa, kama vile jibu limemtosha kabisa. Baliiangusha ubavu, magurudumu yakabaki yanazunguka hewani kama mende. Watu batakuambia nilikimbia. Sikukimbia. Nilidhani mama ananiita nyumbani, nikaenda kuhakikisha. Aline alinirudisha kwa sikio.

Mama Gloriose hakugomba, na hilo njo liliniumiza. Alisema tuisimamishe kwanza, haifai kuachwa miguu juu. Akaitazama. Akasema hii haijafundishwa bado, na balioitengeneza pia, inaonekana. Akajaza maji yake akaenda. Bamama bakatoa hukumu pale pale: mpaka kilio kitakapokwisha, Divin atakuja kila asubuhi kusimama kando ya ile nafasi, ailinde, bila bidon, bila simu, bila mdomo. Bila mdomo, yaya! Walijua pa kunipiga.

Nilisimama. Kulinda hewa si kazi ya mchezo. Mwanzoni nilihesabu mawingu, halafu yakaisha, mwezi huu hata mawingu ni haba. Nikaanza kusikiliza. Na nikasikia kitu nilichokuwa nakisikia tangu utoto bila kukisikia. Kila mama anayefika pale kwenye nafasi, hata kama jana alifika, hata kama njo yeye aliyeipanga, anauliza: hapa pana mwenyewe? Na mtu yeyote aliye karibu anamjibu: pana mwenyewe. Basi anasimama, anangoja. Hawaulizi kwa sababu hawajui. Banauliza ili pale pasikae bila mtu wa kupasemea.

Nikakumbuka sauti yako. Ulikuwa unauliza hata pale ambapo hakuna mtu anayepataka. Nilikuwa mdogo nakucheka, nakwambia we yaya unaongea na udongo. Pale juani, mdomo umefungwa, nilikusikia wazi mpaka nikageuka kuangalia.

Nilienda mbio kwa Audace, nikamwambia Sogea lazima iulize. Macho yake ya popo hayawezi kujua nafasi iliyobaki na nafasi iliyoachwa, hata ya injinia mkubwa hayawezi. Basi ikikuta nafasi pana, isimame, ipige kengele, ingoje mkono wa mtu. Audace alinitazama, na yaya, alisema maneno matatu siku hiyo hiyo. Alisema: hilo ni zuri. Alipata kengele ya baiskeli kwa kijana wa kabaza, anayebeba abiria kwa baiskeli, akaunga waya kwenye kizibo cha kijani: mtu akikigusa, Sogea inajua imeruhusiwa. Asipogusa mtu, inangoja, hata mpaka jua lizame. Aline akachukua ile sehemu yangu iliyoandikwa hakuna, akaniambia sasa njoo tuandike kweli.

Siku ya mwisho ya kilio, mama Gloriose alikuwa pale mbele anajaza, Sogea ikafika nyuma yake, ikasimama, ikapiga kengele. Akageuka. Nilitamani ardhi inifunike. Alikiangalia kile kizibo, akakausha mkono kwenye kitenge, akakigusa polepole kama anavyogusa kichwa cha mtoto anayebatizwa. Akasema: pita. Alicheka kidogo. Bamama balisema njo mara ya kwanza tangu mazishi.

Basi tukaenda Lilongwe. Mwalimu Ezechiel alituombea karatasi za ruhusa ya kutoka kambini, Sogea tukaifunga kwenye kitenge cha mama. Lumbadzi tulikula mandasi. Kanengo kote hewa ilinukia tumbaku, yaya, nzito, tamu, inakufanya usinzie, na maghala marefu marefu yasiyo na mtu mlangoni. Niliweka paji la uso kwenye kioo nikaona Sogea nyingi zinatoka mle ndani moja moja, zinavuka barabara, zinapiga kengele, magari yanasimama kuzingoja. Na mjini jakaranda zimechanua. Maua yameanguka chini mpaka hujui ukanyage wapi. Nilitembea kama nimevaa lile koti jeupe.

Pale chuoni balikuwa bakubwa batatu mezani, na mkubwa wao ni madame mmoja injinia, mfupi, miwani kwenye nywele. Aline alieleza kwa Kiingereza, Audace alionyesha waya, na mimi nilitia chumvi kwa Chichewa changu cha sokoni, mpaka mzee mmoja akafuta machozi ya kicheko. Aliniuliza kwa nini tusiombe tu mijigo mingine ichimbwe. Nilimwambia bwana, chimbeni, hata leo, majembe tutashika sisi. Na mulongo wa mjigo mpya ukianza, Sogea itakuwa ya kwanza kufika. Madame aliuliza roboti yetu haiwezi nini. Aline akasoma ile sehemu niliyokuwa nimeiharibu, sasa imejaa: mzee Nahayo, ile hewa, magurudumu juu, kengele. Tukapanga ndoo zao, tukaacha nafasi moja, tukaiwasha. Sogea ikaenda, ikafika, ikasimama, ikapiga kengele. Hakuna aliyejongea. Ikangoja. Ikapiga tena. Mwishoni madame mwenyewe akainuka kwenye kiti chake, akaenda akagusa kizibo.

Walitukubali, yaya. Pale pale.

Sasa shika kiti, ama kama uko kwenye cherehani, iache kwanza.

Madame alichukua karatasi zetu za shule. Ya Aline, sawa. Ya Audace, sawa. Ya kwangu akaigeuza, akatafuta nyuma kama kuna kitu kimeandikwa. Aliniuliza kwa upole kama shule yangu iliishia Form Two. Nikasema njo hapo iliponichoka. Akasema anasikitika sana: masomo ya pale yanaanzia kwa mtu aliyemaliza Form Three, si yeye aliyepanga, na hawezi kupindisha. Ekipi imekubaliwa, roboti imekubaliwa, mimi sikubaliki. Mwalimu Ezechiel alikuwa ameniambia hilo tangu mwanzo. Nilimjibu kwamba nitawazungusha kwa maneno. Maneno hayakuja, yaya. Nilitafuta hata moja. Nje ya dirisha yale maua yalikuwa yanaanguka tu, taratibu, hayana habari na mtu.

Madame akauliza: sasa hii nafasi ya tatu, ina mwenyewe?

Nikasema ina mwenyewe.

Aline alinikanyaga mguu, alifikiri naanza uongo wangu. Sikudanganya. Niliwaambia iko dada yangu Orpa. Alimaliza Form Three na alama zilizomfanya mwalimu mkuu aje nyumbani kusalimia. Form Four hakuifika, kwa sababu mgongo wa mama ulikataa, na mtu mmoja ilibidi akae na bidon asubuhi ili mdogo wake aende shule. Mdogo wake alikwenda, akaichezea hiyo shule kama mpira. Dada akaenda kushona nguo za bantu bengine Nathenje. Madame akauliza kama huyo dada anajua roboti. Nilimwambia anaijua hii kuliko sisi sote, maana kabla haijatengenezwa, kazi yake alikuwa anaifanya yeye. Hakucheka mtu. Alisema basi huyo dada afike Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja, na karatasi yake. Asipofika, nafasi inakwenda kwa ekipi nyingine.

Kwa hiyo nimekutolea ahadi bila kukuuliza. Mimi niliyefundisha chuma kuuliza! Tukana tu, hapo Zénon atajifanya hasikii. Lakini usiniletee maneno kwamba unaniibia kitu changu. Pale kwenye mulongo nilijifunza kutofautisha. Ile nafasi haikuwa yangu ikapotea. Ilikuwa imeachwa, na mimi nilikuwa nimesimama kando yake.

Na usinilie. Mimi bado ni mkubwa wa majaribio huku kambini, Sogea na mjigo ni mkoa wangu. Mwalimu Ezechiel ananivuta sikio eti nirudi Form Two, nikae dawati moja na batoto benye kamasi. Nimemwambia: nitarudi siku yaya atakapokwenda Lilongwe. Kwa hiyo sasa aibu yangu iko mikononi mwako, ujue. Mama nilimweleza jana. Alifungua sanduku, akatoa ile blauzi yako nyeupe ya shule, akaifua. Iko kwenye waya hapa mbele yangu ninavyoandika, upepo unaijaza, inanyoosha mikono, haina mtu ndani.

Msalimie Tantine Madeleine, umwombe ruhusa kwa adabu, na kama atakasirika mwambie nimemsamehe yule kuku. Msalimie jirani yenu wa vitumbua. Mama anakusalimu, kwaya inakusalimu, mama Gloriose anakusalimu kwa jina lako kamili, Aline anasema ulete rula. Audace hajasema kitu, lakini aliinua mkono.

Kizibo cha kijani kiko mahali pake. Kengele imeshalia, yaya. Tumesimama, hatusogei, tunangoja mkono wako.

Ni mimi mdogo wako mzuri wa sura,
Divin
injinia wa Form Two